Firigisi ya Mwenye Neno Refu

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi nje ya mji wa Kitale, upande wa kwenda Saboti, na nyumbani kwetu kuku wa Jumapili hakuliwa hivi hivi. Baba alirudi kutoka kanisani na gazeti kwapani. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na kisanduku chenye herufi tisa, nawe ulitakiwa kuzipanga upate neno la Kiingereza refu kuliko la wenzako. Alililaza gazeti katikati ya meza, akatugawia vipande vya karatasi, mimi na kaka zangu wawili, kisha akaitazama saa yake. Mama akifunua sufuria jikoni harufu ilitufikia, na sisi huku jasho linatutoka.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, na mwanamke ndiyo kabisa. Lakini baba, kwa majivuno yake ya ualimu, alikuwa ametangaza kwamba atakayemshinda kwa neno refu ndiye ataila. Mama hakupenda mchezo huo hata kidogo.

"Msichana akule firigisi?" alikuwa akisema. "Hiyo ni laana gani mnaita kwa hii nyumba?"

Alijisumbua bure. Hatukumshinda baba hata siku moja. Sisi tulihangaika na maneno ya herufi nne, yeye aliandika la nane, la tisa, tena huku anapiga mluzi.

Nilimwogopa baba. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu siku hizi wanapenda kusema wazazi wa zamani walikuwa wakali tu lakini wana upendo. Wangu alikuwa na upendo, na bado nilimwogopa. Zaidi ya yote niliogopa wizi. Ndilo jina alilolipa kosa la kutumia herufi mara mbili wakati kisandukuni iko moja. Jumapili moja niliandika butter, na T ilikuwa moja tu. Baba alibisha meza kwa kifundo cha kidole, ko! Vikombe vikaruka.

"T ya pili umeitoa wapi? Kwa jirani?"

Kaka zangu walicheka mpaka wakakohoa. Mimi, kwa muda mrefu baada ya siku hiyo, kila mtu akibisha mlango kwa kidole kimoja niliruka kama vile vikombe.

Miaka ya tisini baba alistaafu, wakarudi na mama Bungoma, kwenye shamba letu karibu na Kibabii. Mimi nilibaki Kitale nikiuza mbegu na mbolea katika duka la pembejeo. Jumapili moja nilienda kuwasalimia, na kabla sijaweka mkoba chini mama alinivuta nyuma ya jiko.

"Baba yako si mzima," aliniambia kwa sauti ya chini. "Juzi nilimtuma hapa tu Kibabii, dawa ya ng'ombe. Akaletwa na kijana wa boda boda. Ati alikuwa anauliza watu barabara ya Saboti. Ati amechelewa darasa."

"Labda ni uzee tu, mama."

"Si ndio nataka kujua? Mimi sijui hiyo Kisungu yenu. Mpime na zile maneno za gazeti. Kama ni uzee, nitanyamaza. Kama ni ugonjwa, nianze kufunga geti, asikuje akapotea kabisa."

Mimi, ambaye sikuwahi kumpita baba hata kwa herufi moja, ndiye nimpime. Na jibu nitakalolipata ndilo litakalomfungia mwalimu wangu getini kama ng'ombe.

Tuliketi. Baba alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, kalamu nyekundu mfukoni, na nilipoona hivyo nilipumua kidogo. Mama aliweka kuku mezani, firigisi kwenye sahani ya baba, mahali pake. Nikafunua gazeti. Herufi zilikuwa O, N, C, A, T, U, D, E, I. Niliiona education kabla sijakaa vizuri, neno alilofundisha maisha yake yote.

Baba alitafuna penseli. Akaandika cat. Akafikiri sana, akaandika ten, kisha akaniangalia akitabasamu.

Nilijiambia amechoka, nilijiambia ananitania, maana utani aliujua sana. Kulikuwa na jambo moja ambalo baba hangeliacha lipite, hata akiwa na homa. Nikaamua kuiba. Niliandika accident, na C ilikuwa moja tu. Nikamsukumia karatasi, nikimwomba Mungu abishe meza. Abishe tu. Aniulize C ya pili nimeitoa wapi.

Alifuata neno langu kwa kidole, kila herufi akaitafuta kisandukuni. Alipofika kwenye C ya pili, kidole kikarudi kwenye ile ile ya kwanza, kikaendelea. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni akaniwekea tiki.

"Vizuri sana, mama," aliniambia. "Leo umenishinda, bana!"

Akaichukua firigisi kwenye sahani yake kwa vidole vyake mwenyewe, akaiweka kwenye yangu.

Mama hakusema habari ya laana. Aliiangalia firigisi, akaniangalia usoni, na hakuhitaji Kiingereza. Baba alikuwa anasubiri, amefurahi kweli, kwa hiyo niliitia mdomoni nikatafuna. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kuimeza.

"Ni tamu?" baba aliuliza.

"Ni tamu, baba."

Mama alikuwa ameshatoka nje. Nilisikia mnyororo ukipitishwa kwenye geti.