Raundi Moja Tu

Fundi viatu yule hakuwa mvivu, tusije tukamsingizia. Kiharusi kilipomwangusha mama yake na kumfunga ulimi, ni yeye, kitindamimba, aliyehamishia nyundo, gundi na sindano chumbani kwa mgonjwa, akawa anashona soli huku anamwuguza. Dada yake alikuwa na watoto na kazi ya mbali. Yeye hakuwa na mke wala udhuru.

Mtaalamu wa usemi hospitalini alimwambia jambo moja. "Mwongeleshe. Maneno atakayoyasikia mara nyingi ndiyo yatakayorudi kwanza."

Basi akaongea. Alimsimulia habari za majirani, visigino vilivyong'oka, mteja aliyeleta kiatu kimoja akidai mwenzake bado mzima. Mama alimkodolea macho tu, mdomo umekwenda upande. Kila asubuhi alimwinamia: "Mama, niite. Sema Kitinda." Ndivyo mama alivyomwita tangu utotoni, na kuitwa hivyo tena alikutamani kuliko chakula. Wapi! Kuongea na ukuta kuna nafuu, maana ukuta haukuangalii.

Ndipo simu ikampata. Mchezo wenyewe wa kitoto: vinyoka viwili vya rangi, kimoja chako, kingine cha mtu usiyemjua huko aliko, vinakimbizana uwanjani hadi kimoja kimmeze mwenzake. Kufumba na kufumbua, kwisha. Umeshinda au umeshindwa, unajua papo hapo, na ukishindwa kuna kitufe kimeandikwa "Tena". Nani angempa kitufe kama hicho kando ya kitanda kile? Kwa mama hakujua anapata au anakosa. Ilianza raundi moja tu, gundi ikauke. Gundi ikakauka, raundi hazikuisha.

Mama akigugumia kutaka maji, yeye macho kwenye kioo cha simu, kidole gumba kikichezacheza: "Subiri kidogo, namalizia." Akitaka kugeuzwa ubavu: "Subiri kidogo, namalizia." Hadithi za majirani zikaishia hapo. Alijichukia, jamani. Aliufuta mchezo akaurudisha siku hiyohiyo, akalia, kisha akacheza machozi yakimtoka.

Jumapili moja dada alikuja. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akachota maziwa kwa kijiko, akampelekea mama mdomoni. Mama akainua ule mkono wake mzima, akakisukuma kijiko.

"Subiri," akasema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini neno lilitoka zima. "Subiri kidogo. Namalizia."

Kijiko kikaanguka. Dada akapiga vigelegele, akamrukia mdogo wake shingoni.

"Anasema! Umemrudisha mama, mdogo wangu! Mungu akulipe, maana umekaa hapa ukimwongelesha mwenyewe!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Simu ikatetemeka mfukoni. Kuna mtu mahali fulani aliyetaka wacheze tena. Akaiacha itetemeke, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ni mimi. Sema Kitinda. Mara moja tu, nakuomba."

Mama hakumtazama. Alikuwa amekunjua kiganja chake kitupu mbele ya uso, anakikodolea macho, na kidole gumba kinachezacheza.

"Subiri kidogo," akasema.