Kasuku wa Marehemu Dada

Kasuku aliletwa kwa fundi cherehani na binti wa marehemu dada yake, tundu limefunikwa shuka.

"Mama mdogo, mimi simuwezi," binti alisema, akionyesha kidole chenye plasta. "Tangu mama afariki hali vizuri, na kifua amekinyonyoa mwenyewe."

"Anaongea?" fundi aliuliza.

"Alikuwa anaongea kwa sauti ya mama yenyewe, mpaka kile kikohozi chake. Ila kwetu amegoma."

Moyo wa fundi ulimruka. Dada yake ndiye mtu pekee aliyekuwa akimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Miaka ya mwisho hawakuonana. Kila alipobisha hodi pale, msichana wa kazi alimjibu kuwa mama ametoka, naye aliacha salamu akageuza. Hakutia shaka hata kidogo. Dada yake tangu zamani alikuwa mguu na njia. Sasa alitaka kitu kimoja tu: kuitwa Kitinda na sauti ile, hata kama mdomo ni wa ndege.

Kazi ikaanza. Kasuku hakuwa kinda la kudanganywa kwa mluzi; alikuwa mtu mzima mwenye kinyongo. Akikaziwa macho, alirudi nyuma akifura. Fundi akajifunza kukaa upande, macho kwenye pindo, karanga kiganjani kana kwamba imesahaulika hapo. Akang'atwa kidole gumba, akashonea kidole hicho hicho. Mlio wa cherehani ulimtisha ndege, basi fundi akawa anashona kwa mkono.

"Hivi sketi yangu unaishona au unaisuka?" mteja mmoja alimtania. Fundi alicheka, lakini cherehani hakuigusa.

Mwishowe kasuku alichukua karanga. Baadaye akaizoea hata cherehani. Halafu siku moja akabandika shingo kwenye nyaya za tundu, akunwe. Fundi alimkuna huku machozi yakimlengalenga.

"Niite basi, baba," alimbembeleza. Ndege alifumba macho tu, raha mustarehe.

Ikatokea amekwenda kupeleka sare za shule, akarudi amebeba vitambaa mikono yote miwili. Aliusukuma mlango kwa bega na, kwa kuwa ndani hapakuwa na mtu, akafanya utani: "Hodi mwenye nyumba!"

Kikasikika kikohozi kile kile. Kisha ikaja sauti ya dada yake, ya chini, haraka haraka: "Ni Kitinda huyo. Mwambie nimetoka."

Na kasuku akabadilisha sauti, akawa msichana wa kazi: "Mama ametoka."

Vitambaa vilimdondoka. Kumbe miaka yote ile dada alikuwepo, nyuma ya mlango. Alimkosea nini? Wa kuulizwa alikuwa kaburini, na kasuku hakujua zaidi ya hapo.

Ndege, maskini, alikuwa ameshamwamini, na ulimi ulishafunguka. Wateja hubisha hodi kutwa, na kutwa yeye huwajibu kwa sauti zote mbili, wakaangua kicheko. Fundi huinamia cherehani. Jioni kasuku hubandika shingo kwenye nyaya, naye humkuna, maana ndege huyo naye hana mtu mwingine.