Shangazi Yangu na Somo la Kuunganisha Picha

Kwa miaka mingi nimefundisha chuoni somo la utangulizi wa filamu, na kila mwaka nilikuwa nafanya mchezo uleule. Nawaonyesha wanafunzi uso wa mtu asiyefanya lolote. Baada yake naweka bakuli la supu. Wanasema ana njaa. Narudisha uso uleule, safari hii naweka jeneza. Wanasema ana huzuni. Nawaambia: uso haujabadilika, aliyebadilika ni jirani yake. Hapo nanyamaza kidogo ili waone nilivyo na akili. Jaribio lenyewe ni la watu wa enzi za filamu zisizo na sauti. Langu mimi ni kule kunyamaza tu.

Mwanafunzi mmoja alilielewa kuliko wote. Nilimpa A. Alipohitimu alinipigia simu: anataka kutengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu wakulima wa Mbulu na wafugaji wa Hanang, nimtafutie watu. Nikampa shangazi yangu wa Bashay, huko Mbulu.

Shangazi ana shamba la mahindi na maharage, hana malisho. Kama wengi wa kwetu, ng'ombe wake wanaishi kwa rafiki huko chini kwenye tambarare, mzee mfugaji wa Getanuwas, Hanang. Mzee anawachunga, anakunywa maziwa, na wakizaa anatuma habari. Karatasi hakuna. Miaka yote hiyo wameitana kaka na dada. Mzee akifiwa, shangazi anashuka. Shangazi akiugua, mzee anapanda. Ng'ombe akirudishwa kabla ya kuombwa, maana yake udugu umekwisha.

Filamu ilionyeshwa alasiri moja darasani huko Hirbadaw, upande wa mzee, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tulikaa benchi moja: mimi, shangazi, na mzee aliyevaa shuka jipya. Mwanzoni ilikuwa raha. Kila ng'ombe aliyepita, watu walitaja mwenyewe ni nani. Kisha akatokea shangazi, amesimama mlangoni kwake, anasema:

“Huyo? Mwizi tu. Anakuja mchana kweupe, anakaa, anakutazama kama ndugu. Ukigeuka, amebeba.”

Picha iliyofuata ilikuwa uso wa mzee, anatabasamu.

Darasa zima likacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, “Mzee, leo umekamatwa!”

Siku ile ya kurekodi nilikuwepo, hata maikrofoni nilishika mimi. Shangazi alikuwa anasema habari za nyani waliomaliza mahindi yake ya upande wa msituni. Mzee naye alirekodiwa siku nyingine, akimtabasamia ndama.

“Nyani!” shangazi alisema. “Nilisema nyani!”

Watu wakacheka zaidi, wakidhani sasa anamtukana mzee. Mzee aliinuka, akatoka bila kuaga.

Nilimpigia simu yule kijana palepale nje ya darasa.

“Shikamoo, mwalimu.”

Sikuitikia. “Nyani wako wapi?”

“Picha za nyani zilitoka na giza, mwalimu. Halafu filamu ilikosa mgogoro. Si ulitufundisha mwenyewe, maana inazaliwa pale picha mbili zinapokutana?”

“Umesema ni filamu ya maisha halisi!”

“Na wewe ulisema hakuna aina ya filamu isiyotunga.”

Ni kweli nilisema. Hata rangi ya ile slaidi naikumbuka. Nimesalitiwa, na aliyenisaliti ana madaftari yaliyojaa maneno yangu.

Wiki ya tatu mzee alitokea Bashay kwa miguu, ametanguliza ng'ombe watano wa shangazi.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba.” Hakuuliza habari za mvua, wala za watoto. Shangazi alimwekea kigoda, hakukikalia. Nikaona zamu yangu imefika. Nikamweleza namna picha zinavyounganishwa, nikaeleza supu, nikaeleza jeneza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo sijawahi kuipata darasani.

“Kwa hiyo ni nyani,” alisema.

“Ni nyani, kaka. Naapa.”

“Nakuamini, dada. Nakujua.”

Shangazi akashusha pumzi. “Basi wageuze ng'ombe, mrudi nyumbani.”

“Nikifika kisimani vijana wananiuliza, ‘Mwizi, ng'ombe za watu zimekunywa?’ Nawaeleza. Kile kipande kimeshasambaa; wanafungua simu, wanatazama tena, wanacheka. Wao wameona kwa macho. Mimi nina mdomo tu. Nikiendelea kukaa na mali ya aliyeniita mwizi, watasema nimekubali.”

“Nitamwambia akiondoe kile kipande,” nikadakia.

“Akiondoe.” Hakunitazama. “Na walioona, atawaondoaje?”

Akaanza kumweleza shangazi habari za ng'ombe mmoja mmoja. Huyu ana mimba. Huyu anapiga teke ukimkamua bila kumwita kwanza. Yule mweusi haogopi fisi, ila anaogopa pikipiki. Alieleza taratibu, na shangazi aliitikia kila neno kwa kichwa. Alipomaliza alimkabidhi fimbo, akampa mkono kama mgeni, akaondoka bila kuonja chai.

Ng'ombe wote watano wakageuka kumfuata. Shangazi hakuinua fimbo. Ikabidi mimi, na digrii zangu mbili, nikimbie kuwazuia njiani, mikono nimeitanua, huku mzee akiteremka na haangalii nyuma.