Tundu la Milimita Tisa

Cheka ukitaka. Binamu yangu Elia alicheka siku ile na mpaka leo anacheka. Lakini haya yalinitokea mimi, huku Amerika, mjini Columbus, Jumamosi moja ya mwaka 2015, mchana kweupe, na sikuwa na homa wala usingizi. Haki ya Mungu.

Wiki ile mwizi alivunja mlango wetu wa jikoni tukiwa kanisani, akabeba televisheni. Mume wangu anafanya kazi bohari ya mizigo zamu ya usiku, mimi nabaki na watoto watatu. Nikasema, akirudi huyo atanikuta na bastola. Nilikimbia vita Burundi nikiwa mgongoni kwa mama, nikakulia kambini Tanzania. Sikuja Amerika kukimbia tena. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Elia akanipeleka duka la bunduki, njia ya Hilliard. Yeye hajawahi kukosa jibu. "Dada, chukua hii ya risasi nene, arobaini na tano. Mtu akipigwa na hiyo hainuki." Muuzaji akakataa: milimita tisa inabeba risasi nyingi, hairushi mkono sana, na risasi za siku hizi zinapanuka mwilini, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Akanishikisha na ile fupi wanayoiita mia tatu themanini, inayoenea kwenye mkoba. Elia akasema hiyo ni ya kutishia paka. Wakabishana, mimi katikati kama bibi harusi anayepangiwa mahari.

Ndipo mtu akasema kando yangu, kwa Kiswahili chetu cha kambini: "Tisa inaua vizuri tu, dada. Mimi naijua."

Nikageuka. Kijana mrefu, koti la baridi, begi la safari begani. Nilifurahi, nani asingefurahi? Nikamuuliza ametoka wapi.

"Buffalo. Nilipanda basi kwenda Louisville kwa dada yangu. Sikupiga simu. Kwetu nani anapiga simu kabla ya kwenda kwa nduguye? Nikakuta mlango wa jikoni haujafungwa, nikaingia kimya, nataka kumshtua shemeji." Akafungua koti. "Tisa yake ilipita hapa."

Sikiliza. Kifuani mwake palikuwa na tundu lisilo na damu, na kupitia tundu lile niliona boksi jekundu la risasi kwenye rafu nyuma yake. Kwa macho yangu haya!

"Haikuishia kwangu," akasema. "Kuta za huku nyepesi. Ikatoboa, ikaingia chumba cha watoto. Bahati walikuwa shuleni."

Unadhani nilikimbia? Nilichemka. "Wewe umeshakufa, usinitishe! Watoto wangu atawalinda nani, wewe?"

Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Na Zabuloni, akija hupiga simu?"

Mama yangu! Zabuloni ni mdogo wangu, anaishi Buffalo, na sikuwa nimemtaja. Hajawahi kupiga simu hata siku moja. Nilipoinua macho, pale aliposimama kijana alikuwa Elia, ananiuliza naongea na nani. Nikairudisha bastola kwenye kaunta, nikatoka.

Alhamisi iliyofuata, jioni, nilikuwa nasonga ugali, mtu akasukuma ule mlango mbovu wa jikoni. Nikageuka na mwiko juu, nimeshadhamiria. Alikuwa Zabuloni, begi begani, anacheka. Nilimtandika nao begani, kisha nikamkumbatia nikalia mpaka ugali ukaungua.

Mwaka uliofuata nilikwenda harusi Louisville, nikalala kwa mama mmoja wa kanisa letu. Sebuleni kulikuwa na picha ya kijana yule wa dukani, amevaa koti lile lile. "Kaka yangu," akasema mama. Sikumuuliza kafa vipi. Niliomba kuona chumba cha watoto. Tundu lilikuwa ukutani, juu ya kitanda.

"Mume wangu hataki lizibwe," akasema.

Mpaka leo nikisikia mlango wa jikoni, kifua kinaniuma. Elia ananiita mwoga mbele ya watu. Aniite! Nimefunga makomeo mawili ya chuma na nina mbwa mwenye roho mbaya. Zabuloni anagonga mpaka mkono unamuuma, ananitukana kule nje, na mimi namsikiliza kwa raha zangu kabla sijamfungulia.

Na wewe unayelinganisha tisa na arobaini na tano, linganisha utakavyo. Ila kabla hujachagua, taja kwanza majina ya ndugu zako wanaokuja bila kupiga simu.