Barua ya Msamaha ya Mzee Yeremia

Jamani, hii habari nimeificha miaka mingi, na sasa mke wangu ameapa kwamba nisipoisimulia mwenyewe ataisimulia yeye, tena kwa kuongeza chumvi, basi bora nijiaibishe kwa mdomo wangu. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati ule tulipoanza kuambiwa kwamba matibabu ya bure yamekwisha, kila mgonjwa achangie, isipokuwa asiye na uwezo kabisa, huyo apewe barua ya msamaha aende nayo hospitali. Kwetu Kasokola kulikuwa na kamati ya kupitisha barua hizo, kamati ilikuwa na katibu, na katibu huyo (msicheke bado) nilikuwa mimi.

Tena nilikuwa katibu mkali! Nilikuwa na duka, baiskeli mbili na shamba zuri la mahindi, na kwenye mikutano nilisimama nikawafokea wanaojifanya maskini ili watibiwe bure. "Wanawanyang'anya wagonjwa wa kweli!" nilisema, na watu wakanipigia makofi.

Basi jino likaniuma, shavu likavimba mpaka jicho moja likawa halionekani. Asubuhi nikafungua droo kutafuta vidonge, nikakutana na barua ya Mzee Yeremia, imeshagongwa muhuri, inamsubiri mwenyewe aje aichukue. Mzee huyu alikuwa mjane mwenye kishamba cha muhogo, na kwenye kamati alituambia anaumwa "tumbo la chini", akainamisha kichwa, nasi hatukumchimba zaidi. Hapo ndipo akili ya kijinga iliponijia: mzee mwenyewe haonekani kuwa na haraka, niitumie leo, kesho nitamkabidhi. Pesa nilikuwa nayo. Ulikuwa ubahili tu, sina jina lingine la kuupa.

Nikavaa koti la kulimia, nikafunga shavu kwa kitenge cha mke wangu, baiskeli nikaiacha kwa rafiki yangu mtaa wa Makanyagio, na kutoka hapo nikatembea kwa fimbo huku nikikohoa (kama vile jino hukohoza). Nikafika dirishani kwa karani wa hospitali, nikapenyeza barua.

Karani akaisoma, uso ukamchangamka. "Mzee Yeremia wa Kasokola! Shikamoo mzee! Tulidhani huji tena, daktari anakusubiri."

Ananisubiri mimi? Kabla sijauliza, nesi mmoja akanishika mkono kwa upole akanipitisha mbele ya foleni yote, wagonjwa waliolipa pesa zao wakinitolea macho. Moyoni nikasema, kumbe maskini wanahudumiwa vizuri hivi, sisi tunaolipa ndio tunaoteseka! Nikaazimia kulipeleka jambo hilo kwenye kamati.

Wakanivua nguo, wakanipa gauni la kijani lililo wazi nyuma. Kwa jino moja? Nikajiambia labda ndiyo huduma bora wanayoihubiri siku hizi. Nikalala kitandani, akaja nesi wa kiume na beseni la maji, sabuni na wembe.

"Tulia mzee, nikunyoe."

"Ndevu?" nikauliza.

Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Ndevu za nini? Unapasuliwa busha leo."

Nikaruka nikaketi. "Mimi naumwa jino!"

"Wakiuona wembe wote husema hivyo," akanijibu bila wasiwasi wowote. "Juzi mmoja alisema amekuja kumwona mgonjwa tu. Usiogope, mzee. Daktari huyu ametoka mbali, kesho anaondoka, ukimkosa leo hatujui atarudi lini."

Hapo nikaelewa "tumbo la chini" lilikuwa nini. Mara nikasikia sauti ninayoijua huko nje kwenye korido.

"Mwanangu, Yeremia ni mimi. Barua yangu iko kwa katibu. Nimepita kwake, mkewe kasema ametangulia huku, nadhani ameniletea."

"Yeremia yuko ndani tangu asubuhi," karani akamkatia. "Rudi ulikotoka, mzee. Tumechoka na matapeli."

Mkwewe aliyempakia kwenye keria ya baiskeli njia nzima akaanza kupandisha sauti, na nesi wangu akatoka na wembe wake kwenda kuangalia kuna nini. Nikabaki peke yangu na dirisha lililo wazi. Niliangalia lile dirisha, siwafichi. Niliangalia hata urefu wake kwenda chini.

Kisha nikamsikia mzee anamwambia mkwewe, "Usigombane nao, twende. Tatizo ni katibu, nitamwambia nini? Amehangaika sana kwa ajili yangu."

Miguu ikanitoa yenyewe. Nikatokea kwenye korido, mkono mmoja umeshika gauni kwa nyuma, kitenge kimeanguka, na pale kwenye mabenchi wamekaa akina mama wa Kasokola, wamebeba watoto wa kliniki, nusu yao naimba nao kwaya.

"He! Katibu?" mmoja akasema, na mabenchi yote yakageuka.

"Yeremia ni huyu mzee," nikasema. "Mimi nimeichukua barua yake. Mtibuni yeye."

Karani akanipa vipande vyangu. Akina mama wakacheka, wengine wakafunika uso. Mzee Yeremia yeye hakucheka. Akasema taratibu, "Ungeniambia tu, baba. Leo ningetibiwa mimi, halafu barua ningekuachia."

Angenipiga kofi ningeshukuru.

Mzee alipasuliwa mchana uleule na akapona vizuri, akarudi kutembea wima. Mimi nilirudi dirishani na nguo zangu, nikalipa mbele ya foleni nzima, nikang'olewa jino, na nilipofika Kasokola habari ilikuwa imeshatangulia. Kwenye mkutano uliofuata nikapeleka barua ya kujiuzulu. Mwenyekiti akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Baki," akasema. "Hapa hakuna anayejua mbinu za kudanganya kuliko wewe." Wakapiga makofi tena, safari hii kwa kicheko.

Basi nikabaki, na nikajiwekea nadhiri: barua ya mgonjwa hailali nyumbani kwangu. Ikigongwa muhuri, hata mvua inyeshe, napanda baiskeli siku ileile, namkabidhi mwenyewe mkononi, na kabla sijaondoka namuuliza ni lini anatakiwa hospitali.