Kyakimwa, Sauti ya Depo

Mtaani Bel-Air, watu walimjua Kyakimwa kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Kila Jumatatu alirekodi majina ya bidhaa katika kipaza sauti cha depo, duka la jumla la Mzee Paluku. Kilitundikwa juu ya lango, kikarudia yaleyale hadi Jumamosi. Mimi Chanda hukaanga mikate ya mafuta ng'ambo ya barabara. Mungu anisamehe, siku moja nilimaliza Baba Yetu kwa "sabuni iko".

Alikimbia Goma vita vilipoingia mapema mwaka 2025. Alipita Uganda, Tanzania na Zambia, nchi tatu za wenyewe, ili afike huku kusini mwa nchi yake mwenyewe. Alifika na begi moja, kadi ya uchaguzi na mdomo usiofungwa. Paluku, mtu wa kwao Kivu Kaskazini, akampa kazi. Mteja akimkosea heshima, alijibiwa hadi akasahau alichokuja kununua.

Kisha Rigobert, meneja, akamkamata nyuma ya magunia ya mchele, akamziba mdomo, akamshika alikotaka. Kyakimwa alimng'ata mkono, akaponyoka. Kwa hasira Rigobert alitoa picha ya kadi ya Kyakimwa kwenye faili la kazi, akaitupa katika kundi la WhatsApp la madereva wa malori, pamoja na namba ya simu na nyumba anayopanga mtaa wa Hewa Bora. Akaandika: anatafuta mabwana.

Simu zikamiminika. "Eeh, papa," Kyakimwa alijibu, "ngoja nikupitishie bibi yako, iko hapa." Mwenye mke alikata simu mbio. Tulicheka sana. Lakini nilimwona akibadilisha njia ya kurudi nyumbani kila siku, na hilo halikunichekesha.

Alimweleza Paluku mbele yangu, nilipopeleka mikate.

"Mutoto yangu, nyamaza kwanza," mzee akasema. "Jina ya depo itaharibika. Lundi urekodi ya mwisho, kisha ukae ku nyumba mpaka bantu basahau."

"Na Rigobert?"

"Rigobert iko na famille."

"Na miye niko na nini, baba?"

Paluku akakohoa, kikohozi cha mtu mzima asiyeumwa. Niliwaka ndani. Kyakimwa angeondoka kimya, mji mzima ungeamini kundi la madereva.

Jumatatu, hiyo Lundi ya mzee, alirekodi. Rigobert mwenyewe alikitundika kipaza sauti na kufungulia sauti yote bila kusikiliza, maana ndani ya depo hakuna aliyekisikiliza tena kwa miezi.

"Sukari iko. Muchele iko. Miye Kyakimwa. Mu depo hii, Rigobert alinikamata kwa nguvu. Nilikatala. Kisha akatia kadi yangu ku WhatsApp. Sitafuti bwana, natafuta haki. Mafuta iko. Sabuni iko."

Kipaza sauti kikaanza upya. Rigobert akatoka mbio kutafuta kiti apande kuzima sauti. Mama mmoja mnene alikuwa amekikalia, na ghafla miguu ikamuuma mno hata asiweze kuinuka.

Hapo Exaucée, anayeuza makaa karibu yangu, akasimama. Zamani alikuwa karani wa depo hiyo, akaacha kazi akisema ana malaria. Akavuka barabara na mikono yake myeusi hadi mbele ya Paluku.

"Papa, ile siku sikukuwa mugonjwa. Ilikuwa huyu. Magunia ni ileile."

Paluku akanyoosha mkono kwa Rigobert, akadai funguo za depo.

Sisi watatu tulikwenda polisi mchana uleule. Afande aliandika maneno ya Kyakimwa, kisha ya Exaucée, akanigeukia: "Na weye, mama, unafanya nini hapa?"

Nikamwambia kweli. Siku ya malaria ile nilimwona Exaucée akitoka nyuma ya depo bila viatu, analia, na blauzi imechanika. Nilimwuzia mkate, sikumwuliza kitu.