Kitako Kimoja Kupita Fundo

Usiku ule nililala na kikombe cha ushindi kando ya mto wangu, nikikishika kila nikigeuka. Sitajifanya mnyenyekevu: mimi, Zubeda fundi cherehani, nilikuwa nimemshinda Desideri fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima ulidhani hashindiki. Tena nilimshinda katika mchezo wa marehemu Mwalimu Kombo, aliyetufundisha useremala sote wawili. Alichonga askari wadogo wa mninga, kila mmoja juu ya kitako cha duara, wapigane mezani, mwendo wao ukipimwa kwa uzi, akaandika na kanuni zao kwenye daftari. Daftari hilo aliniachia mimi. Kwa hiyo Desideri alipolalamika kwamba askari wangu hakumfikia jemadari wake, mwamuzi nilikuwa mimi mwenyewe. Nikasoma kwa sauti: "Askari hutembea uzi mmoja, kisha hutenda tendo moja." Nikapiga. Jemadari akaanguka, watu wakashangilia.

Basi nikalala, nikajikuta karakana, mchana kweupe. Mwalimu yupo, anapiga randa, maranda yamemfunika miguu. Nilijua amekufa na sikuona ajabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia umeshinda."

Nikatanua mabega. Natafuta kikombe nimwonyeshe, lakini mkononi nina uzi tu, ule wetu wa kupimia, wenye fundo mwishoni. Nainua macho, karakana haipo. Nimesimama juu ya kitambaa cha kijani nilichokishona mwenyewe kufunika meza ya mchezo, sasa kipana kama uwanja wa mpira. Uzi umelazwa mbele yangu, mwanzo wake unagusa vidole vyangu vya miguu. Kule mbele jemadari wa Desideri ananitazama, kimo chake sawa na changu.

"Tembea," anasema Mwalimu.

Natembea kwa madaha hadi kwenye fundo. Nikinyoosha mkono namgusa jemadari. Mwalimu anapiga magoti, kama alivyokuwa akikagua viungo vya meza zetu, anagusa kidole changu cha mguu.

"Hiki kilianzia wapi?"

"Mwanzo wa uzi."

"Kiishie wapi?"

Natazama chini. Kilicho kwenye fundo ni kisigino. Vidole vimepita, mguu mzima. Mezani nilipima kuanzia ukingo wa mbele wa kitako cha askari, kisha nikakiweka kitako chote ng'ambo ya fundo. Kila hatua nilijiongezea kitako kimoja. Sikukusudia kuiba, haki ya Mungu. Daftari halikusema tupimie wapi, kwa sababu enzi za uhai wake Mwalimu alipima yeye.

"Mwalimu, watu wameshashangilia," nasema, na naona aibu kujisikia.

Hakunigombeza. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, ile ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akaniwekea kiganjani.

"Andika wewe. Daftari nilikupa wewe."

Nikaamka kumekucha, vidole vimekunjwa kushika penseli isiyokuwepo. Nimesifiwa kwa magauni ya harusi mpaka nimezoea, lakini sijawahi kujiona mtu kama asubuhi ile. Nililifungua daftari, na chini ya mwandiko wake ulionyooka nikaongeza kwa mwandiko wangu mbaya: "Pima kutoka mbele ya kitako hadi mbele ya kitako. Asiyefika hapigi."

Kisha nikafunga kikombe kwenye kanga na kupita mtaani kifua mbele kuliko jana yake. Desideri alifungua mlango mswaki ukiwa mdomoni. Akaona kikombe, akanitazama usoni, akatema povu pembeni.

"Umekuja kunikoga tena?"

"Askari wangu hakufika," nikamwambia. "Mwalimu mwenyewe kapima. Msimamishe jemadari wako, Desideri. Zamu ni yako."